Ukumbi kwanza au bwana harusi kwanza? Ulinganisho kwa mpiga picha wa upande wa wanaume

Harusi nyingi za Dar es Salaam zinazopigwa picha na watu wawili hugawanywa hivi: mpiga picha mkuu anakwenda kwa bibi harusi, na wa pili anaambiwa, "Wewe chukua upande wa bwana harusi, halafu pitia ukumbini." Mimi nilikuwa huyo wa pili kwa miaka mingi kabla sijaanza kuchukua kazi zangu mwenyewe, na hadi leo hiyo ndiyo sehemu ya siku ninayoipenda kuliko zote. Ni saa mbili tatu kabla ya ibada au nikaha. Huku wapambaji wanamalizia kufunga vitambaa, kule kijana anavaa suti au kanzu akiwa amezungukwa na wenzake, wajomba zake na baba yake, na wewe ni mmoja tu.

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza swali moja, na kamati zinazopanga ratiba huniuliza hilohilo: tuanzie wapi? Nimeziweka njia mbili pamoja hapa, kisha nitaitaja ya tatu inayowezekana mfuko ukiruhusu. Kipimo changu ni kujiuliza kipi kitaharibika mapema. Ukumbi uliopambwa huharibika pale mgeni wa kwanza anapotundika mkoba kwenye kiti. Utulivu wa bwana harusi huharibika pale gari linapopiga honi nje ya geti. Chenye dakika chache zaidi ndicho cha kutangulizwa.

| | Ukumbi kwanza | Bwana harusi kwanza |
|---|---|---|
| Inafaa wapi | Sherehe ya bustani au ufukweni. Ibada na sherehe sehemu moja. Ukumbi uliopambwa tangu jana yake | Ibada kanisani mchana na ukumbi usiku. Nikaha msikitini |
| Unachopata | Meza hazijaguswa, hakuna mtu, nafasi ya kuweka tripodi | Kuvaa, wazee, sala ya kuondoka nyumbani |
| Hatari yake | Kumkuta bwana harusi ameshavaa na kuingia garini | Kuukuta ukumbi umeshaanza kujaa |
| Kurudia | Sehemu kubwa inaweza kupigwa baadaye | Haiwezekani |
| Muda usiopungua | Dakika 30 | Saa 1 na nusu pamoja na picha za kundi |

Ukumbi kwanza

Wanaopendelea njia hii wana hoja nzuri. Kamati imechangisha kwa miezi, na fungu kubwa la fedha limekwenda kwenye ukumbi na mapambo. Wanafamilia watataka kuona kazi hiyo katika albamu ikiwa safi, kabla ya masufuria ya moto, chupa na viti vilivyovutwa huku na kule. Mpambaji naye anazihitaji picha hizo, na mpambaji aliyefurahi hukupa kazi nyingine tatu. Isitoshe, ukumbi hauna haraka wala haya, kwa hiyo unaweza kuurudia mara kumi mpaka mistari ya nguzo isimame wima.

Tatizo ni saa. Harusi nyingi za mjini hufanyika Jumamosi, na ukumbi uleule Ijumaa usiku ulikuwa na send-off ya watu wengine. Wapambaji huingia usiku wa manane au alfajiri, wakayavua ya jana kabla ya kufunga ya leo. Saa 5 asubuhi utakuta ngazi katikati ya ukumbi, maboksi ya maua, na vijana wanne wakivuta kitambaa cha darini. Mpambaji akikuambia saa 8 mchana atakuwa amemaliza, andika saa 10. Hakusudii kukudanganya. Jenereta limechelewa, viti vimepungua 20, au maua yaliyotoka Arusha yamefika mchana.

Nilijifunza hili Desemba moja. Ukumbi ulikuwa Mikocheni, bwana harusi akivalia nyumbani kwao Kimara, ibada saa 8 mchana. Nilifika ukumbini saa 4 asubuhi nikiamini nitamaliza kwa nusu saa. Jukwaa halikuwa na kitambaa hata kimoja. Nikasubiri dakika 40, nikapiga meza mbili zilizokamilika, nikatoka, nikakwama kwenye foleni ya Mwenge. Nilipofika Kimara mama mzazi alikuwa anafuta machozi na milango ya gari inafungwa. Baadaye shangazi yao alinisimulia kwamba mzee, ambaye alikuwa amesafiri kutoka Kagera akiwa na umri uliokaribia miaka 80, ndiye aliyemfunga mwanawe tai, mikono ikimtetemeka, na chumba kizima kikanyamaza. Picha hiyo haipo. Za meza zile mbili zipo, na nilizipiga upya jioni, zikatoka bora zaidi.

Kwa hiyo kwa harusi ya kawaida ya mjini, yenye ibada mchana na sherehe usiku, ukumbi uache. Dirisha lake zuri ni kati ya saa 11:30 na saa 12:30 jioni: mpambaji amekwisha, taa zimewashwa, wageni bado wanajiandaa majumbani. Kadi inasema saa 12 jioni lakini kila mtu anajua watu wataanza kuingia karibu na saa 1. Mwombe mwanakamati anayesimamia ukumbi, kwa simu na siku mbili kabla, afunge mlango hadi utakapomaliza. Nimekuta wanakamati wanaoshika mlango huo kwa uaminifu kabisa wakielezwa sababu, na wageni wanaowahi hupewa soda nje bila manung'uniko.

Sehemu ya kuiwahi kabla ya ibada ni kanisa lenyewe. Hilo husahaulika. Pale Azania Front au Mtakatifu Joseph, makanisa mawili ya zama za Wajerumani yaliyo karibu na bandari, Jumamosi moja inaweza kuwa na ndoa kadhaa zikifuatana, na penye ibada ya pamoja jozi za maharusi huwa zaidi ya moja. Kanisa tupu lenye maua ya harusi *yako* linaweza kudumu dakika kumi tu, kati ya umati unaotoka na umati unaoingia. Mtafute mzee wa kanisa au katekista, msalimie, mwulize unaruhusiwa kusimama wapi. Piga kutoka mlangoni kuelekea madhabahuni, kisha kutoka mbele kuelekea mlangoni, kisha maua ya kwenye mabenchi kwa karibu. Dakika hizo kumi zinatosha.

Pale ukumbi unapostahili kutangulia

Kuna harusi ambazo mpango wote hugeuka, na za ufukweni ndizo zinazoongoza.

Chukua Paje au Jambiani, mashariki ya Unguja. Bahari pale hupwa hadi mbali sana, mamia ya mita, mpaka unaona vijiti vya mashamba ya mwani na kina mama wakivuna. Saa chache baadaye maji yamejaa hadi karibu na minazi. Tao la maua lililofungwa mbele ya bahari ya buluu saa 7 mchana linaweza kuwa limesimama mbele ya mchanga mtupu wa kijivu saa 11 jioni, au kinyume chake. Majira ya maji husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo ulichokiona Alhamisi ulipokwenda kukagua hakitakuwa saa ileile Jumamosi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa ni kubwa zaidi. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni ndogo. Muulize mvuvi yeyote wa hapo, au tazama jedwali la maji, kabla hujampa bibi harusi ahadi ya picha ya tao na mawimbi. Maji yakiwa mazuri mchana tu, basi sehemu ya ibada ndiyo inayoharibika mapema, na inapigwa kabla ya bwana harusi hata kama bado anakunywa chai.

Jua nalo lina neno lake. Pwani hiyo ya mashariki jua huzama nyuma yako, upande wa nchi kavu, na vivuli vya minazi huwahi kuufunika mchanga. Kendwa, upande wa pili, hulitazama jua likizama baharini. Kwa Kendwa unaweza kumpiga bwana harusi na vijana wake mwanzo na kuliacha eneo la sherehe hadi mwishoni, kwa sababu kadiri jioni inavyokaribia ndivyo linavyopendeza. Kwa Paje, piga eneo mapema.

Bustani za Dar ziko katikati. Upepo wa mchana kutoka baharini huangusha vishikio vya mishumaa na kupindua vitambaa vya meza, na masika, kati ya Machi na Mei, mvua inaweza kuwafanya wapambaji wahamishie kila kitu ndani ya hema. Ukifika ukakuta meza zimetandikwa na anga ni safi, zipige hapo hapo.

Namna ya kuupiga ukumbi ukiwa mtupu

Wengi huingia na kuanza kupiga vitu vidogo: glasi, ua, jina kwenye keki. Mimi huanza na picha pana, kwa kuwa ndizo zinazokufa mgeni mmoja akiingia. Ya kwanza kutoka mlangoni, kile watakachokiona maharusi wakiingia. Ya pili kutoka meza kuu, kile watakachokitazama usiku mzima. Kisha pembe mbili. Ndipo keki, jukwaa na vitu vidogo.

Kabla ya tripodi kukaa, zunguka ukaondoe mwenyewe ndoo, ngazi, katoni za maji, nyaya na viatu vya wapambaji. Mwombe fundi wa taa mambo mawili: seti moja ya picha taa za rangi zikiwa zimewashwa kama zitakavyokuwa usiku, na seti nyingine zikiwa zimezimwa ili rangi halisi ya vitambaa ionekane. Zambarau ya taa za LED humeza kila kitu, na bibi harusi aliyehangaika miezi mitatu kuchagua rangi ya pichi atataka kuiona pichi yake.

Ukitumia tripodi, weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 au 200 na apacha (tundu la lenzi) f/8, uiache shata (pazia linalopitisha mwanga) ichukue muda wake hata ikiwa sekunde nzima. Ukilazimika kushika mkononi, jihadhari na michirizi. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinazoutumia hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiweka shata 1/50 au 1/100 ya sekunde michirizi hupotea mara nyingi. Ukienda 1/500 utaikuta imelala juu ya kitambaa cheupe kama pazia lililochanika. Lenzi pana ya 16-35mm inatosha, lakini usiishushe hadi 16mm kila mara, kwani meza za pembeni hugeuka mayai.

Bwana harusi kwanza

Hii ndiyo njia ninayoichagua karibu kila Jumamosi, na sababu kubwa nimeshaisema. Kuna ya pili. Katika albamu nyingi za kwetu upande wa wanaume una kurasa mbili: suti imetundikwa dirishani, vijana sita wamevaa miwani ya jua. Upande wa bibi harusi una kurasa kumi na mbili. Si kwamba wanaume hawana cha kuonyesha. Mpiga picha huwafikia wamekwisha kuvaa. Mpe bwana harusi saa moja na nusu na utaona mambo ambayo familia haijawahi kuyaona yakiwekwa kwenye karatasi: kaka mkubwa akipiga pasi shati kwa sababu haamini mikono ya mtu mwingine, mjomba akimvuta pembeni kumpa maneno ya mwisho, na bwana harusi mwenyewe akikaa kimya ukingoni mwa kitanda dakika mbili akiangalia viatu.

Sasa swali linalofuata, ambalo kwangu ni zito kuliko hata lile la kwanza: avalie nyumbani au hotelini?

Hoteli ina mwanga rahisi. Dirisha moja kubwa, ukuta mweupe, kiyoyozi, zulia lisilo na fujo. Suti hazitaloa jasho. Unazima taa za dari, unamsogeza bwana harusi mita moja na nusu kutoka dirishani, akiwa amegeuka ubavu, na uso wake unapata mwanga laini unaoteremka vizuri kwenye ngozi nyeusi, bila ule mng'ao mkali wa flashi kwenye paji la uso. Ukipewa dakika 40 tu, sema hotelini. Bei yake ni kwamba picha zote zinafanana na za harusi ya wiki iliyopita, na wazee hawaji. Bibi wa bwana harusi hatapanda lifti hadi ghorofa ya saba kumwona mjukuu wake akifungwa tai.

Nyumbani kuna kila kitu kisichopangika. Chumba ni kidogo, kitanda kimejaa nguo, watoto wanapita, redio inaimba, na bomba la maji limekatika tangu asubuhi. Lakini ukutani kuna picha ya baba na mama siku ya ndoa yao. Kuna mlango ambao kijana huyu ameutoka kwenda shule. Na kuna sala ya kuondoka: familia inasimama sebuleni au uani, mzee anaomba, mkono wake juu ya kichwa au bega la kijana, wengine wamefumba macho. Sala hiyo hudumu dakika tatu, na kwangu mimi ndiyo picha ya kwanza kwa thamani katika asubuhi yote. Hotelini mara nyingi haifanyiki. Ikifanyika, hufanyika kwa haraka kwenye korido.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema nyumbani, ila nafika mapema kutengeneza mazingira. Naingia nikiwasalimia wakubwa mmoja mmoja. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, karibu, ndiyo wewe wa picha?" Salamu hizo zikikamilika, mzee hatakuwa na shida ukimwomba asogee hatua mbili kuelekea dirishani. Ukianza na kamera kabla ya shikamoo, utapata nyuso ngumu siku nzima. Kisha namwambia bwana harusi, "Kaka, naomba chumba chenye dirisha kubwa, hata kama ni cha kuhifadhia nguo." Mara nyingi ni chumba cha wazazi, na wao hukitoa kwa furaha. Tunahamisha vitu vya kitandani, tunazima balbu ya njano, tunafungua pazia. Kazi ya dakika kumi.

Picha za kundi nyumbani hupigwa wapi? Saa 6 mchana Dar, jua liko karibu na utosi, na siku za mwanzo wa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba hupita utosini kabisa. Macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Wengi hukimbilia chini ya mwembe, na hapo kuna mtego: mwanga uliochujwa na majani ni wa kijani, na shati jeupe huuonyesha bila huruma. Napendelea kibaraza. Paa linakata jua la juu, uwanja wa mbele unarudisha mwanga usoni, na kama ua ni wa udongo mwekundu, mwanga huo una joto linaloipendeza ngozi. Wapange vijana kwenye ukingo wa kivuli, wakitazama nje. Fundi seremala, dereva wa bodaboda na mhasibu wakisimama pamoja katika suti za rangi moja, kila mmoja atasimama kama anavyosimama siku zote, na ni vizuri. Usiwalazimishe wote waweke mikono mifukoni.

Ukisikia matarumbeta yanakaribia, ujue muda umekwisha. Pikapu ikishaingia na wapigaji wake, hakuna atakayebaki ndani kukusikiliza, na hutataka abaki. Toka nao.

Suti, na kanzu

Kamera hupima mwanga kwa kudhani kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Vijana saba wenye suti nyeusi huidanganya upande mmoja: inaongeza mwanga, nyuso zinapauka. Kijana mwenye kanzu nyeupe huidanganya upande wa pili: inapunguza mwanga, uso unazama kizani. Kwa suti nyeusi ninashusha kidogo, theluthi moja au mbili ya stopu (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu). Kwa kanzu ninapandisha theluthi mbili hadi stopu nzima, nikichunga tarizi za kifuani zisipotee kwa mwanga kupita kiasi. Njia ya uhakika kwa vyote viwili ni kuupima uso wenyewe na kuacha nguo ifuate.

Mwambao una asubuhi yake, na hapo uamuzi wa nani atangulie hauna mjadala. Bwana harusi anavaa kanzu na joho, mwenzake anamfunga kilemba, mwingine anageuza chetezo cha udi. Mkalishe kati yako na dirisha ili mwanga uupite ule moshi kutoka nyuma. Hiyo ni picha ambayo hakuna ukumbi utakaokupa. Sherehe ya wanawake ni mahali pa mpiga picha mwanamke, kwa hiyo mgawanyo wa kazi unakuja tayari, na wewe wa kiume una siku nzima ya kukaa na wanaume: nyumbani, njiani, msikitini, kwenye halua na kahawa.

"Eneo" la kupiga kabla ya shughuli hapa ni msikiti. Nenda mapema, kati ya swala mbili, uvue viatu, umtafute imamu au mwozeshaji: "Asalaam aleikum shehe, naomba ruhusa na unielekeze nisipotakiwa kusimama." Misikiti mingine itakuruhusu kupiga nikaha yote, mingine hadi mlangoni tu. Jibu lolote likubali palepale. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe au Lamu mchana si adui: kuta ndefu zilizopakwa chokaa hurudishiana mwanga, na msafara wa wanaume wenye kanzu unakuwa ndani ya kivuli chenye nuru. Tembea mbele yao kinyumenyume, na uwe na mtu wa kukushika bega.

Jambo moja la hewa ya pwani: kamera iliyokaa chumba chenye kiyoyozi ikitolewa ghafla nje, lenzi hupata ukungu na huna picha kwa dakika kumi na tano. Iache kwenye begi lililofungwa, karibu na mlango au barazani, robo saa kabla ya kutoka.

Njia ya tatu: mtu mmoja zaidi

Bajeti ikiruhusu, mpeleke kijana wa tatu ukumbini peke yake na tripodi, mwingine abaki na bwana harusi. Kwa harusi ya wageni 300 na zaidi ambayo nyumba, kanisa na ukumbi viko pande tatu za jiji, tuseme Tegeta, Posta na Kigamboni, sioni namna nyingine nzuri. Daraja la Kigamboni limerahisisha safari tangu 2016, ila foleni ya Jumamosi huwezi kuipangia. Kwa harusi ya watu 100 ambayo kila kitu kiko ndani ya kilomita tano, fedha hiyo itumike kwenye albamu. Kama huyo wa tatu ni mwanafunzi, mpe ukumbi. Usimpe bwana harusi, kwa sababu ukumbi utamsamehe akikosea apacha.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Upande wa bwana harusi ninabeba kamera mbili, moja na lenzi ya 35mm, nyingine na ya 85mm, ili nisibadilishe lenzi chumbani penye poda na manukato yanayopulizwa. Mwenye kamera moja achukue lenzi ya 24-70mm f/2.8 na asijisikie mnyonge. Flashi moja, kadi mbili zinazoandika kwa pamoja, leso za karatasi za kukausha jasho usoni kabla ya kila picha ya karibu. Mwambie bwana harusi avae koti la suti mwisho kabisa.

Saa, kwa ibada ya saa 8 mchana

Saa 4:30 asubuhi niko kwa bwana harusi: salamu, kuchagua chumba, pete, viatu, saa na tai juu ya kanga au meza ya familia. Saa 5 anaanza kuvaa. Saa 5:40 wazazi na wazee. Saa 6 vijana wake barazani, mmoja mmoja na kundi. Saa 6:30 sala ya kuondoka, kisha matarumbeta. Ninatangulia kwa bodaboda, nikiwa na begi dogo, nifike kanisani saa 7:10 kabla ya msafara. Kanisa tupu, kisha bwana harusi akishuka garini. Baada ya ibada na picha za maharusi wawili, saa 11:30 jioni ninawaachia wenzangu, naenda kufunga mlango wa ukumbi. Jua la Dar huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kulingana na mwezi, kwa hiyo kama ukumbi una vioo au bustani, katika nusu saa baada ya kuzama utapata anga la buluu na taa za ndani katika picha moja.

Kama ibada ni saa 4 asubuhi, rudisha kila kitu nyuma kwa saa nne na uwaambie kwao bwana harusi mapema kwamba utabisha hodi saa 12:30 alfajiri. Mama yake atakuwa ameshaamka.